Redio na Wasikilizaji Wake Tarime na Serengeti

Tunapoeleza kukua kwa vyombo vya habari nchini, aghalabu tunahesabu mitambo na masafa yake. Hesabu hiyo haitoshi. Yatupasa kuuliza pia ni nani aliyesema, na ni nani aliyesikiliza tu. Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, zatupa mfano ulio wazi.

Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, na mwaka 1965 ikaundwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Matangazo yake ya ndani yalikuwa kwa Kiswahili hasa, na sehemu kwa Kiingereza. Lugha za makabila hazikutumiwa. Katika Tarime, ambayo hadi mwaka 2007 ilijumuisha Rorya, watu walisema Kikuria na Kijaluo. Serengeti walisema Kingoreme, Kiikoma, Kinata na Kiisenye. Ng'ambo ya mpaka, Sauti ya Kenya ilitangaza hata kwa Kijaluo. Basi Mjaluo wa Shirati aliweza kuisikia lugha ya mamaye kutoka nchi jirani, na lugha ya taifa lake kutoka Dar es Salaam.

Faida ya siasa hiyo haina shaka. Mwalimu Nyerere, naye mzaliwa wa Mara, alipotangaza vita dhidi ya Idi Amin mnamo Novemba 1978, Mkurya na Mwikoma waliweza kumsikia siku ile ile kwa lugha moja, wala hawakungoja gazeti. Lakini habari zilisafiri upande mmoja: zilitoka pwani zikaja vijijini, na neno la kijiji lilirudi kwa nadra.

Njia iliyopunguza kasoro hiyo ilionekana mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni mbili nchini walikutana vikundi vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakakata shauri, kama vile kuchimba vyoo. Hapo msikilizaji aligeuka msemaji, japo sauti yake haikufika mbali ya kijiji.

Mwaka 1993 sheria iliruhusu vituo vya watu binafsi, na televisheni ya ITV ikaanza mwaka 1994. Vituo viliongezeka; vikundi vya kujadiliana havikuongezeka pamoja navyo. Kwa hiyo tusipime ukuaji kwa wingi wa sauti zinazofika Mugumu tu, bali pia kwa zile zinazotoka huko zikasikiwa na taifa.