Kutoka Nambari ya Kwenye Kasha Hadi Seva: Historia Fupi ya Kuamilisha Windows

Swali hili huja mara nyingi: "Windows yangu nimeinunua. Mbona nikibadilisha madabodi inadai leseni haipo?" Jibu limo katika historia, na ni vizuri uijue kabla hujahamia toleo jipya.

Tuanzie Agosti 1995. Aliyenunua Windows 95 dukani alipata CD na nambari ya leseni. Kompyuta ilikagua nambari hiyo kwa hesabu rahisi: jumla ya tarakimu saba za mwisho igawanyike kwa 7. Ukiandika 1 mara saba, inakubali! Hakuna aliyeulizwa kwingine. CD moja ingezunguka mtaa mzima na Microsoft isijue.

Mambo yakageuka Oktoba 25, 2001, ilipotoka Windows XP. Nambari ya leseni pekee haikutosha tena. Ulipewa siku 30 za kuamilisha. XP ilisoma vifaa vya mashine kama prosesa, diski na kadi ya mtandao, ikavitengenezea alama, na alama hiyo ikafungwa pamoja na leseni yako. Ukibadilisha vifaa vingi, unaamilisha upya. Asiye na intaneti alipiga simu, akasoma tarakimu 50, kisha akaandika nyingine 42 alizosomewa. Kumbuka kebo ya SEACOM ilifika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo Wakenya wengi walipata intaneti saiba tu.

Je, wezi walizuiwa? Wapi! Makampuni makubwa yalipewa nambari zisizohitaji kuamilishwa, ili fundi asipige simu mara mia. Moja yazo, iliyoanza na FCKGW, ilivuja kabla XP haijafika madukani. Sasisho la SP1 la mwaka 2002 likaikataa. Vista ilipokuja, makampuni nayo yakalazimika kuamilisha. Njia mojawapo ni KMS, yaani seva ya ofisini ambayo kila kompyuta lazima iifikie angalau mara moja katika siku 180.

Mwenye leseni halali naye hakusalimika. Agosti 2007, seva za Microsoft zilipata hitilafu na kuziita bandia kompyuta ambazo leseni zake zilikuwa safi. Microsoft ilisema zilizoathirika hazikufika 12,000. Hata hivyo, somo ni zito: risiti unayo mkononi, lakini anayeamua ni seva iliyo mbali.

Windows 10 ilitoka Julai 29, 2015, na waliokuwa na Windows 7 au 8.1 halali wakahamia bure. Hapo ikaja leseni ya kidijitali. Hakuna tena nambari ya kuandika. Seva inaikumbuka mashine yako. Toleo la 1607 la mwaka 2016 likakuwezesha kuiunganisha leseni hiyo na akaunti yako. Ofa iliisha rasmi Julai 2016, lakini nambari za Windows 7 na 8 ziliendelea kukubaliwa hadi Microsoft ilipofunga njia hiyo Septemba 2023. Aliyekuwa ameshahamia alibaki na leseni yake.

Kwa hiyo leseni imesafiri: kutoka kwenye karatasi, ikaingia kwenye vifaa, sasa ni rekodi kwenye seva. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 14, 2025. Kabla ya kuhamia Windows 11, fanya haya:

1. Fungua dirisha la amri, andika slmgr /dli. Ukiona RETAIL, leseni inaweza kuhamia mashine nyingine. Ukiona OEM, inaishi na kufa na madabodi ile ile.
2. Ukiona VOLUME_KMSCLIENT kwenye kompyuta ya mtumba uliyoinunua mjini, muulize muuzaji. Hiyo ni leseni ya ofisi, na wewe huna ofisi hiyo.
3. Unganisha leseni na akaunti yako KABLA ya kugusa madabodi.
4. Weka toleo lile lile: Home kwa Home, Pro kwa Pro.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la leseni yako liko kwenye seva. Hakikisha jina lako limo.