Tarehe ya Weupe katika Nchi ya Rungwe

Wasafiri wa Kizungu waliotangulia kufika kaskazini ya Ziwa Nyasa, akiwamo Joseph Thomson aliyepita huko mwaka 1879, waliandika mengi juu ya milima na migomba ya nchi hiyo, wala hawakuacha kuzitaja nyumba za Wanyakyusa, zilizosimamishwa kwa mianzi, kuta zake zikajazwa matonge ya udongo na kupambwa kwa udongo wa rangi, na viwanja vyake vikafagiliwa hata mgeni akaona haya kutupa ganda la ndizi. Rangi hizo hazikununuliwa dukani, kwa kuwa duka halikuwapo, zilichimbwa ardhini. Na ardhi ya Rungwe, iliyozaliwa na volkano, haikuwanyima watu wake kitu.

Hata hivyo mafundi waliojipatia sifa kubwa kwa wekundu na weupe ni wanawake wa Kikisi, wakaao Ikombe na katika vijiji vingine vya pwani ya ziwa chini ya milima ya Livingstone, mahali ambapo zamani palihesabiwa katika Rungwe kabla wilaya ya Kyela haijatengwa. Mwanamke wa Kikisi hufinyanga bila gurudumu: hukaa chini, akaliweka tonge la udongo juu ya kigae kipana kama sahani, akakizungusha polepole kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukiinua ukuta wa chungu, kisha hulainisha ngozi yake mpaka iteleze. Chungu kikiisha kuchomwa huonekana tumbo jekundu na mabega yaliyotiwa nakshi nyeupe, mistari na pembetatu, ambazo mkono hauzipimi kwa rula wala hazikosei. Vyungu hivyo hupakiwa katika mitumbwi na kuletwa sokoni Lyulilo karibu na Matema siku ya Jumamosi, na kutoka hapo hupanda milima kwa gari hadi Tukuyu na Mbeya. Biashara hii ina umri mkubwa kuliko mji wa Tukuyu, uliojengwa na Wajerumani kwa jina la Neu Langenburg.

Amma katika nchi za Ulaya na za Kiislamu weupe uliotukuzwa kuliko wote haukutoka katika udongo. Ulitoka katika risasi. Fundi alikunja mabamba membamba ya risasi, akayatundika ndani ya vyungu vyenye siki chini yake, akavifukia vyungu hivyo katika samadi iliyo moto, akaviacha kwa wiki nyingi. Mvuke wa siki na hewa ya samadi vikaila ile risasi mpaka ikavaa magamba meupe, yakakwanguliwa, yakasagwa na kuoshwa. Unga huo ukichanganywa na mafuta ulifunika ubao vizuri na kukauka ukiwa mgumu, ndiyo sababu wachoraji wa Ulaya waliushika kwa karne nyingi, ingawa Cennino Cennini, katika kitabu chake cha ufundi, aliwaonya wasiutie ukutani kwa kuwa huko hugeuka mweusi.

Matabibu nao waliutaka. Waganga wa Kiarabu, waliouita isfidaji, waliufanyia marhamu ya vidonda na majipu, na Ibn Sina aliutaja miongoni mwa dawa. Wala haikuwa siri kwamba kitu hicho huua, maana Nikandro Myunani, zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Ibn Sina, alikwisha kuuhesabu miongoni mwa sumu na kueleza taabu za aliyeunywa. Watu waliijua sumu, wakaendelea kuipaka. Jambo hilo hunisikitisha kila nilifikiripo, kwa sababu aliyeathirika kwanza hakuwa tajiri aliyetundika picha sebuleni. Alikuwa mfanyakazi aliyesaga unga na kuuvuta puani, akapatwa na msokoto wa tumbo, na mikono yake ikalegea.

Baada ya wamisheni wa Moravian na wa Berlin kuingia nchini mwaka 1891, yalianza majengo ya aina mpya, yenye milango na madirisha ya mbao na baadaye mapaa ya bati. Mvua ya Tukuyu, inayopita milimita 2,000 kwa mwaka, huosha udongo na chokaa bila huruma, na mwenye nyumba ya namna hii hutamani rangi ya mafuta isiyotaka kurudiwa kila kiangazi. Lakini ni katika rangi ya mafuta ndimo weupe wa risasi ulimotiwa, na mjini Geneva mwaka 1921 ulitungwa mkataba namba 13 wa Shirika la Kazi Duniani, uliozuia weupe wa risasi katika kupaka ndani ya majengo, na kukataza vijana walio chini ya miaka 18 na wanawake wasitumiwe katika kazi ya kupaka rangi yenye weupe huo. Uingereza, iliyokuwa ikiitawala Tanganyika, haikuuridhia, ikatunga sheria yake mwaka 1926. Na Tanganyika yenyewe haikukosa risasi: katika miaka ya 1950 ilichimbwa Mpanda, na tawi la reli kutoka Kaliua likajengwa kuichukua.

Weupe wa titani ndio uliokuja kuuondoa weupe wa risasi madukani, lakini risasi haikutoka katika mikebe. Mwaka 2009 taasisi ya AGENDA ya Dar es Salaam iliposhiriki katika upimaji wa rangi za nchi mbalimbali, rangi nyingi za mafuta zilionekana kuwa na risasi kupita kiasi, na kwa desturi ni za manjano na nyekundu ndizo huzidi, kwa kuwa hutengenezwa kwa kromati ya risasi. Kwa hiyo fundi rangi anayeitwa leo Tukuyu kukarabati madirisha ya shule ya zamani asiikwangue rangi kuukuu kwa msasa mkavu. Ailoweshe kwanza, atandike turubai chini, awatoe watoto mahali hapo, na vumbi lile alikusanye kwa kitambaa chenye maji kabla hajafungua mkebe mpya.