Gari la Heshima Ukambani: Kutoka Peugeot hadi V8

Mazishi ya mtu mkubwa Kathonzweni, huku Ukambani, huwa pia maonyesho ya magari. Wenyeji huegesha popote penye kivuli. Wageni kutoka Nairobi hujipanga karibu na hema, na jioni watu husimuliana nani alikuja na nini. Kwa miaka mingi sasa gari linalotajwa kwanza ni Toyota Land Cruiser, ile iitwayo V8. Range Rover hutazamwa zaidi, lakini wazee huuliza kama itarudi Nairobi kwa magurudumu yake.

Swali hilo ni la zamani. Mbio za magari za Safari, zilizoanza 1953, ziliwazoesha Wakenya kulipima gari kwa kufika. Bill Fritschy alishinda 1959 na 1960 kwa Mercedes-Benz 219. John Manussis akafuata 1961 kwa 220SE, saluni ya matajiri ambayo injini yake ilipuliziwa petroli badala ya kutumia kabureta. Jina la Mercedes nchini lilijengwa kwenye tope la mbio hizo. Kisha ikaja Safari ya 1963: magari 84 yakaondoka, 7 yakamaliza. Mbele ya yote ilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Yaliyokuwa na kasi kuliko hiyo yalibaki njiani, na hakuna anayeyakumbuka.

Mrithi wa 404, yaani 504, alitoka Ufaransa 1968 na baadaye akawa anaunganishwa Mombasa. Springi zake ndefu na laini zilimeza mashimo, na viti vyake vilikuwa kama vya sebuleni. Mwalimu mkuu aliitaka, daktari aliitaka, mfanyabiashara aliitaka. Lakini ndugu yake mwenye viti vya safu tatu alikuwa kazini kutwa, akisomba abiria kati ya miji, mizigo imefungwa kamba juu ya paa. Hapo ndipo siri ya 504 ilipokuwa, nami naona haisemwi vya kutosha. Kwa sababu ya magari ya abiria, kila fundi wa chini ya mti aliijua kwa kupapasa, na spea zilipatikana hata kwenye soko dogo. Utulivu wa tajiri ulilipiwa nauli na maskini.

Range Rover nayo iliwahi kuwa na ndugu wa aina hiyo. Ilipotoka 1970 ilikuwa na chasisi na springi za chuma, na kijiji tayari kilimjua Land Rover wa polisi na wa D.O., afisa wa serikali wa tarafa. Mwaka 2002 likaja umbo jipya lisilo na chasisi ya pekee, likisimama juu ya mifuko ya hewa. Kwenye lami linateleza. Kwenye korongo la mchanga, mfuko mmoja ukivuja, kona moja ya gari inalala chini, na fundi mwenye spana tu hana la kufanya bila kompyuta. Wakati huohuo serikali ilikuwa imehamia Land Cruiser. Spea za pikapu ya polisi si zote zinazoingia kwenye V8, lakini muuzaji ni yuleyule na fundi ni yuleyule.

Mnamo Juni 2009, Uhuru Kenyatta akiwa Waziri wa Fedha, aliwaagiza mawaziri warudishe magari makubwa na kupanda Volkswagen Passat zenye injini isiyozidi sisi (cc) 1800. Wengi walisitasita. Nani angetaka kuonekana kwao, mbele ya wapigakura, akishuka kwenye gari linalokwaruza tumbo chini?

Ajabu ni kwamba Land Cruiser 300, iliyozinduliwa 2021, haina injini ya V8, yaani ya silinda nane, kabisa; ina silinda sita, mara nyingi na turbo mbili. Bado inaitwa V8.

Kuna jambo jingine linalomhusu mnunuzi wa leo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lililozidi miaka minane, na wengi hununua lililo karibu na ukomo huo kwa sababu ya bei. Umri huo ndio hasa mifuko ya hewa na mitambo ya umeme ya magari ya kifahari huanza kudai pesa. Kwa hiyo kabla hujalipa, muulize muuzaji mfuko mmoja wa hewa unauzwa shilingi ngapi, kisha mpigie fundi wa mjini Wote umuulize kama amewahi kuufungua.