Misalaba ya Shaba na Kazi ya Mwandika Orodha

Katanga ilipojitangazia uhuru mwaka 1960, chini ya Moïse Tshombe, mzaliwa wa Musumba, makao ya Mwaant Yaav wa Walunda, bendera yake ilibeba misalaba mitatu ya shaba. Mwaka 1961 msalaba huo ukapigwa chapa katika sarafu: fedha ya kale juu ya fedha mpya.

Misalaba hii haikutokana na Ukristo. Ni mikuo ya shaba iliyomiminwa katika kalibu. Leo wakusanyaji huinunua, na aghalabu huiorodhesha kwa urefu na uzito tu. Orodha ya namna hiyo haitoshi. Huko Sanga, karibu na ziwa Kisale, wachimbuaji waliandika pia mahali pa kila msalaba kaburini. Kwa kumbukumbu hizo, Pierre de Maret alibaini kuwa mikubwa ya awali, iliyokuwa michache, ililazwa kifuani mwa maiti; midogo ya baadaye, mingi na yenye kipimo kimoja, iliwekwa penye mikono au nyonga. Hapo ndipo kitu cha heshima kinapoonekana kugeuka fedha.

Msalaba uliong'olewa bila kuandikiwa mahali pake waweza kupimwa tena wakati wowote. Kaburi lake halisomeki tena.