Tom Campbell Black

Tom Campbell Black (1899 – 19 Septemba 1936) alikuwa rubani Mwingereza, mmoja wa waasisi wa usafiri wa anga Afrika Mashariki. Mwaka 1929 alishirikiana na Florence Kerr Wilson kuanzisha Wilson Airways mjini Nairobi. Uwanja wa Ndege wa Wilson umepewa jina la mama huyo. Campbell Black alimfundisha urubani Beryl Markham, aliyelelewa Njoro, na kwa hilo pekee anastahili kukumbukwa: Septemba 1936 Markham alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada. Mwaka 1934 Campbell Black na rubani mwenzake C. W. A. Scott walishinda mashindano ya ndege ya Uingereza–Melbourne. Alifariki Liverpool, ndege yake ilipogongwa ardhini na ndege ya kijeshi.