Akili Mbele ya Kiti cha Mfalme

Mwezi wa Machi 1610 mambo mawili yalitokea huko Ulaya. Kule London, mfalme James wa Kwanza aliliambia Bunge kwamba wafalme ni makaimu wa Mungu duniani, nao huketi katika kiti chake. Kule Venezia, Galileo alitoa kitabu kidogo juu ya mambo aliyoyaona kwa darubini: milima katika mwezi, na nyota ndogo nne zinazoizunguka sayari ya Jupita. Je, mambo hayo mawili yana udugu gani? Tuangalie.

Galileo hakutosheka na maneno ya wazee wa kale. Alitazama, akapima, akahesabu. Mwaka 1633 hukumu ya Kanisa ilimfunga nyumbani kwake. Na mwaka 1992 Papa Yohane Paulo wa Pili alikiri kwamba waamuzi wale walikosea. Lakini njia yake ya kutafuta sababu za vitu ilikwisha kuenea. Basi, wenye elimu wakaielekeza kwenye serikali yenyewe, wakauliza: Kwa nini mtu amtii mtu mwenzake?

Tusidhani kwamba wao walikuwa wa kwanza kuuliza. Padri Francisco Suárez, Myezuiti wa Hispania, alifundisha mwaka 1613 kwamba mamlaka hutoka kwa Mungu, lakini mfalme huyapata kwa njia ya watu. James alikasirika, akaamuru kitabu hicho kichomwe moto London.

Thomas Hobbes, Mwingereza, alifuata njia nyingine. Alipokuwa na umri wa miaka arobaini hivi alisoma kitabu cha Euclid, Mgiriki wa kale, juu ya elimu ya maumbo. Alipenda sana jinsi neno moja la hakika linavyozaa la pili, na la pili la tatu. Mwaka 1636 alimtembelea Galileo huko Italia. Baadaye vita vikawaka Uingereza, na mwaka 1649 mfalme Charles, mwana wa James, akakatwa kichwa. Mwaka 1651 Hobbes akatoa kitabu chake, Leviathan. Alisema: pasipo serikali kila mtu humwogopa mwenzake kama adui. Kwa kuogopa kifo watu hupatana kumwachia mtawala nguvu zote. Mtawala huyo ana nguvu kama alizodai James, lakini hazikushuka kutoka mbinguni. Zimetoka katika mapatano ya watu.

Akafuata John Locke, aliyesomea utabibu, rafiki wa Newton. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1689 alisema kwamba watu wote kwa asili ni huru na sawa, na sheria ya Mungu, ambayo akili huitambua, inawakataza kudhuruana. Serikali ni amana. Mtawala akiiharibu amana hiyo, raia wana haki ya kumwondoa. Mwaka 1776 Waamerika waliyafuata mawazo ya namna hiyo walipotangaza uhuru wao.

Mbona Hobbes na Locke, wote wawili wakiisifu akili, walifika mahali mbalimbali? Kwa sababu walianza mahali mbalimbali. Mmoja alianza na hofu, mwingine na haki. Mwanafunzi akikosea namba ya kwanza, hata akijumlisha vizuri namna gani, jibu litakuwa la uongo.

Na Locke mwenyewe alikosea. Mwandishi huyo wa uhuru alinunua hisa katika Kampuni ya Kifalme ya Afrika, iliyouza Waafrika utumwani ng'ambo ya bahari. Tena alishiriki kutengeneza sheria za Karolina za mwaka 1669, zilizompa kila mtu huru mamlaka kamili juu ya mtumwa wake mweusi. Hakukosa akili. Alijua kuandika kwamba watu wote ni sawa, lakini wengine hakuwahesabu.

Ndugu zangu, wanaume hao walitufundisha jambo jema: mwenye kutawala lazima aulizwe, "Kwa nini?" Tusiliache. Lakini kila tunapotunga sheria, iwe ya nchi, ya kijiji au ya chama cha parokia, tujiulize na sisi: Katika hesabu yetu, ni nani tuliyemsahau?