Mota Inapotetemeka: Swichi Haimalizi Kesi

Kigoma na Ujiji huchota maji ziwani na kuyapandisha vilimani, na kazi hiyo hufanywa na mota za induksheni za fezi tatu. Mota ikianza kutetemeka, kipimo cha kwanza cha fundi ni kuzima swichi. Mtetemo ukikatika papo hapo, atasema ni umeme. Ukififia taratibu kadiri shafti inavyopunguza mwendo, atasema ni beringi au rota iliyokosa mizani. Kipimo hicho ni kizuri. Hukumu inayofuata ndiyo huzidi ushahidi, kwa kuwa swichi huonyesha tu kwamba nguvu inayotikisa ni ya sumaku. Chanzo cha kasoro bado hakijajulikana.

Umeme wetu ni wa hezi 50. Sumaku ya stata, sehemu ya mota isiyozunguka, huvuta chuma cha rota kwa ncha zote mbili, ya kaskazini na ya kusini, hivyo mvuto hufikia kilele mara mbili katika kila mzunguko wa umeme, yaani mara 100 kwa sekunde. Hata mota mpya kabisa ina mvuto huo. Rota ikikaa katikati, mvuto wa upande huu hufutwa na wa upande ule. Ikisogea kidogo tu, upande wenye pengo jembamba la hewa kati ya rota na stata hushinda, na mwili mzima wa mota hutikiswa kwa hezi 100.

Lawama huangukia laini ya umeme kwanza, na hapa Kigoma naelewa kwa nini. Kwa miaka mingi mji uliishi kwa majenereta ya dizeli, hadi gridi ya Taifa ilipoanza kuingia mkoani mwaka 2022. Wenye mashine za kulehemu na majokofu ya samaki wakirundikana kwenye fezi moja, volti hupishana. Chukua mfano wa 396, 400 na 410: wastani ni 402, na fezi iliyo mbali zaidi imepishana na wastani kwa takriban asilimia 2. Kwa mota, tofauti hiyo ndogo huweza kuzaa tofauti ya mkondo mara 6 hadi 10 zaidi. Mota hupata joto, na nguvu yake ya kuzungusha hudunda kwa hezi 100 zilezile. Kwa hiyo ampia za fezi zote tatu zipimwe kabla ya mtu kugusa spana.

Lakini ampia zikilingana na mtetemo ukabaki, turudi sakafuni. Mguu mmoja wa mota usipokaa sawa juu ya msingi, kukaza nati yake hupinda fremu. Fremu hupinda stata, na pengo la hewa huharibika. Ukizima swichi mtetemo hutoweka mara moja, kana kwamba kosa ni la umeme, kumbe ni la fundi aliyefunga nati. Mota ya ncha mbili huongeza mtego mwingine. Ikizunguka mara 2970 kwa dakika, mtetemo wa kimekanika wa mara mbili ya mwendo huwa hezi 99, jirani kabisa na ile 100 ya sumaku. Mlio hupanda na kushuka mara moja kila sekunde, na mita ya bei nafuu huziona namba hizo mbili kama moja.

Mvumo wa kupanda na kushuka hutokea pia fito za rota zikikatika. Katika mota ya ncha nne inayozunguka mara 1470 kwa dakika, mtetemo wa mwendo ni hezi 24.5, nao huandamwa na vilele viwili, kimoja hezi 2 chini yake na kingine hezi 2 juu. Mota ikibebeshwa mzigo zaidi, vilele hivyo hukua na kusogea mbali. Ikiachwa bila mzigo, karibu vinapotea. Kusuka stata upya hakutibu ugonjwa huu hata kidogo, maana waya za stata ni nzima. Kuhusu mguu usiokaa sawa, jawabu ni rahisi kuliko yote: kipimo cha saa huwekwa mguuni, nati hulegezwa moja baada ya nyingine mota ikiwa imezimwa, na mguu unaoinuka huwekewa kipande cha bati chenye unene uleule uliosomwa.